Mtoto Aliyeyaona Ayasome Tena? Mjadala Juu ya Riwaya za Mateso

Fasihi ya Kiswahili haijayaonea haya machungu ya wanawake na watoto. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, kisa cha msichana wa Ukerewe aliyekuzwa kwa vipigo vya baba mlevi na kuishia kujiua. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed akatoa Utengano, ambamo Maimuna anatoroka nyumba ya baba mkali na kuangukia danguroni. Na kwa miaka kadhaa kuanzia 2018, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, wakatahiniwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Riwaya hiyo imebeba machafuko ya baada ya uchaguzi, ubakaji, ukeketaji, wasichana wanaoozwa wangali wadogo, na ndugu watatu, Umulkheri (Umu), Dick na Mwaliko, wanaotawanyika baada ya mama yao kuondoka na baba kufariki.

Je, vitabu vya namna hii visomwe darasani na watoto ambao baadhi yao wameyapitia hayo hayo? Nimewaketisha hapa watu wanne wa kubuni. Mlezi ni mama wa Mombasa anayemlea mtoto asiye wa kumzaa. Mwalimu anafundisha fasihi katika shule ya sekondari. Mshauri ni mwanamke wa idara ya ushauri nasaha katika shule nyingine. Msomaji ni msichana wa chuo kikuu aliyekisoma Chozi la Heri akiwa kidato cha tatu. Mimi nina upande wangu, nami nitausema wao wakishamaliza.

MLEZI: Nianze mimi, maana mwenye mtoto ni mimi. Binti yangu ana miaka kumi na sita. Aliletwa kwangu na afisa wa watoto akiwa bado shule ya msingi, akitoka katika nyumba ambayo mama yake alikuwa akipigwa mbele ya macho yake. Kwa muda mrefu hakuweza kulala taa ikizimwa. Leo shule inampa kitabu ambamo wasichana wawili wanabakwa na kundi la vijana huku baba yao akilazimishwa kutazama, kisha anaambiwa akisome jioni, peke yake, aje asubuhi na muhtasari. Nauliza: hapo anafunzwa nini ambacho hakukijua tayari?

MWALIMU: Mama, pole, na hongera kwa malezi hayo. Nikujibu kwa kuanzia na darasa zima. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe umri wa miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kwa hiyo siingii darasa lolote ambalo jambo hili ni hadithi tu. Nikikiondoa kitabu, kipigo kitaendelea nyumbani kwa mwanafunzi wangu, ila sasa hatakuwa na mahali pa kukitaja.

Na njia ya kuficha imeshajaribiwa. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, kwa hoja ya kulinda maadili. Je, maadili yalilindwa? Msichana aliyepata mimba aliendelea kufukuzwa shule kwa miongo mingi, awe alitongozwa, alidanganywa au alibakwa, na ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi kusoma katika mfumo wa kawaida. Kezilahabi alikuwa amekwisha kuuliza, nusu karne kabla, nani hasa alimwangamiza Rosa. Wakubwa wakaona afadhali kulifunga swali. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

MLEZI: Kilio kinamuumbua nani, Mwalimu? Hao waliofunga swali walikufa vitandani mwao. Anayelia ni mtoto. Mimi sijasema vitabu vichomwe. Nimesema una wanafunzi arobaini, na kati yao yupo mmoja au wawili ambao ukurasa ule ni kumbukumbu. Wale wengine wote wanajifunza huruma kwa gharama ya huyo mmoja. Kwa nini yeye ndiye alipe karo ya huruma yao?

MWALIMU: Hilo limenigusa. Lakini unadhani huyo mmoja anataka tusiseme?

MSOMAJI: Naomba niingie hapo, kwa maana mimi nilikuwa huyo mmoja. Shikamoo, Mama.

MLEZI: Marahaba, mwanangu.

MSOMAJI: Sitaeleza yaliyonipata, na nadhani mtaniruhusu nisieleze. Niseme tu kuhusu kusoma. Nilikisoma kitabu chote kabla ya darasa kukifikia, usiku, bwenini. Sehemu iliyonishika haikuwa ile ya kubakwa kwa Lime na Mwanaheri. Ilikuwa pale shuleni ambapo Umu anakaa na wenzake, Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, na kila mmoja anasimulia alikotoka. Mmoja amelala mitaani akiwa mjamzito. Mwingine amekuzwa na bibi hadi bibi akafa, akabaki kuhangaika kutoka mlango hadi mlango. Hakuna anayemwambia mwenzake "nyamaza", wala anayemwambia "afadhali wewe". Sikuwa nimewahi kuona wasichana wakizungumza hivyo. Nilidhani jambo langu halina umbo la kusemeka, na hapo nikaona lina sentensi, lina mwanzo, na kuna watu wanaoweza kulisikia hadi mwisho.

Kwa hiyo, Mwalimu, kitabu kilinifaa. Darasa ndilo lililoniumiza. Tulipofika kwenye ubakaji, mwanafunzi mwenzetu aliambiwa asome kwa sauti. Wavulana wa nyuma wakacheka. Mwalimu wetu akagonga meza, akasema tuendelee, kisha akauliza: "Maudhui gani yanajitokeza hapa?" Mtu akanyoosha mkono akajibu, "Ukatili dhidi ya wanawake." Akaambiwa vizuri sana. Tukaandika, tukasonga mbele.

MLEZI: Mmesikia? Hicho ndicho ninachokipinga.

MWALIMU: Nimesikia, na sitaki kulikwepa, kwa sababu kila mwalimu wa fasihi anaujua mtihani wenyewe. Karatasi ya tatu inampa mtahiniwa maneno yaliyosemwa na mhusika, kisha inamwambia: "Eleza muktadha wa dondoo hili", alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Halafu ataje mbinu za uandishi, halafu athibitishe maudhui kwa hoja zenye mifano. Hakuna alama ya kunyamaza, wala ya kusema kwamba ukurasa huu umenishinda. Nasi tunawafundisha watoto kuyapanga mateso ya Mwanaheri kwa namba, moja hadi kumi, na anayekosa hoja ya nane tunamwambia akakisome tena. Tunafanya hivyo kwa nia njema, wapasi. Lakini tunamzoesha kijana kuliangalia jeraha la mtu na kuuliza lina alama ngapi.

MSHAURI: Naomba niingie na yangu ya ofisini. Kila kitabu cha aina hii kinapofikiwa darasani, wanafunzi wanakuja kwangu. Wengine wanasema wanaumwa kichwa, wengine wanaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Mwanzoni wengi hawakitaji kitabu. Ukikaa nao ndipo unaelewa kwamba ukurasa umefungua mlango uliokuwa umefungwa. Wako wanaolia siku chache na wakapata nafuu kwa sababu hatimaye wamesema. Wako wanaokosa usingizi wiki nzima. Sijaweza kutabiri nani atakuwa yupi, na ninamwogopa mtu mzima anayesema anaweza.

Kwa hiyo Mama ana haki, na Msomaji ana haki. Hatari ninayoiona ipo katika namna tunavyosoma, na namna inaweza kubadilishwa kesho asubuhi bila kusubiri Wizara. Darasa liambiwe mapema sura ijayo ina nini. Pasiwe na mtoto anayelazimishwa kusoma ubakaji kwa sauti mbele ya wenzake. Mtoto akitoka nje, asiulizwe mbele ya darasa kwa nini ametoka. Mwalimu asikifanye kitabu chambo cha kuwavua wanafunzi siri zao kwa kuuliza, "Nani hapa limewahi kumpata?" Na ajue la kufanya iwapo mtoto atasema: namba 116 ya watoto ni ya bure, iko Kenya na iko Tanzania, na 1195 inapokea kesi za ukatili wa kijinsia Kenya. Kuzibandika ukutani bila kuziambatanisha na mtu mzima anayeaminika ni kazi nusu.

MLEZI: Ahsante, dada. Hayo nayakubali. Lakini nina jambo la pili, na hili si la darasani tu. Ni la mtaani. Vitabu hivi vinasema nini juu yetu tunaolea watoto wa wengine? Tangu ngano za bibi zetu, mama wa kambo ni yule anayemnyima mtoto chakula. Katika riwaya, mtoto akifiwa na wazazi, ami atachukua shamba na shangazi atamfanya kijakazi. Mfanyakazi wa nyumbani, Sauna, anawaiba watoto wa Lunga, baba yao Umu, na kuwapeleka kwa mama anayefanya biashara ya watoto. Mimi napita sokoni nasikia, "Damu nzito kuliko maji, siku moja atakugeuka." Mtu anayeambiwa hivyo kila siku, kisha anasoma hivyo kila kitabu, ataufungua mlango wake kumpokea mtoto?

MWALIMU: Katika Chozi la Heri, Mama, wako pia Mwangeka na Apondi, waliompokea Umu akawa mtoto wao. Wako Mwangemi na Neema, waliompanga Mwaliko. Mwandishi ameweka makao ya watoto, ameweka watawa, ameweka familia zinazopokea, na ndugu hao watatu wanaonana tena. Ni miongoni mwa riwaya zetu chache ambamo mtoto wa kupanga anapata nyumba yenye upendo na kitabu hakimwonei aibu.

MLEZI: Nami nawashukuru Apondi na Neema. Lakini angalia wamekuja lini. Wanaingia mateso yakiwa yamekwisha, kama zawadi. Umu akishapata mama mpya, tunapumua. Kwangu kazi ilianza siku ile afisa alipoondoka na kuniachia mtoto mlangoni. Usiku wa hofu, uongo mdogo mdogo wa mtoto anayejaribu kujua kama nitamfukuza, shule inayodai cheti cha kuzaliwa ambacho hakipo, shemeji anayeuliza atarithi nini. Hayo nayo ni riwaya. Nani ameyaandika?

MSHAURI: Na yanahitajika sasa kuliko jana. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeyatambua malezi ya kambo, imeutambua utaratibu wa kuasili, na imeitambua kafala, ambayo familia nyingi za Kiislamu za Pwani zinaielewa: unamlea mtoto kikamilifu bila kumbadilisha nasaba. Mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe kwenye makao na kurudishwa katika familia, zao au za kuwapokea. Mpango huo unategemea watu kama Mama. Jamii inayomjua mlezi kama mchawi wa ngano au malaika wa sura ya mwisho haijajiandaa. Inahitaji kumjua kama mtu aliyechoka ambaye kesho ataamka tena.

MSOMAJI: Mama amemtaja Sauna. Naomba tusimpite haraka. Sauna anaiba watoto. Lakini kitabu kinaturudisha nyuma: alinajisiwa na baba wa kambo, na mama yake, alipojua, akachagua kulizika jambo ili kulinda ndoa na jina. Nilipofika hapo nilikasirika. Nilitaka kumchukia bila bughudha, na mwandishi hakuniruhusu.

MLEZI: Na mimi ndipo ninapoogopa zaidi. Binti yangu akisoma kwamba Sauna alidhulumiwa na ndiyo maana akawa mwovu, ataelewa nini juu yake mwenyewe? Kwamba naye ameshaharibika, anasubiri tu wakati? Wengi waliodhulumiwa hawakumdhulumu mtu. Wanalea, wanafundisha, wanauguza. Nimemlea mmoja. Asipewe kioo cha uongo.

MWALIMU: Hiyo ndiyo kazi yangu darasani, kuweka wasichana wawili mezani. Umu na Sauna wote waliachwa bila ulinzi wa mzazi. Tofauti yao haikuwa ya damu wala ya tabia ya kuzaliwa nayo. Umu alipofika shuleni alikuta mwalimu aliyesikiliza, na akampata Apondi. Sauna aliambiwa anyamaze na mtu wa kwanza aliyepaswa kumsikiliza. Nikilifundisha hivyo, mtoto wako anasoma kwamba msaada una nguvu ya kugeuza maisha. Nikilifundisha kwa kasi, atasoma ulilosema.

MLEZI: Na nani ananihakikishia utalifundisha polepole?

MWALIMU: Hakuna. Ndiyo maana nakuomba usimwachie mwalimu peke yake. Kisome nawe.

MLEZI: Nimekwisha kukisoma. Unadhani majina ya hawa watoto nimeyatoa wapi?

MSHAURI: Bado kuna swali moja. Tuseme darasa limesomwa vizuri, watoto wamelia, wamezungumza. Halafu? Kilio cha msomaji ni rahisi. Mtu anaweza kumlilia Umu usiku na asubuhi akamfungia mfanyakazi wake wa nyumbani chakula kabatini.

MSOMAJI: Nami nilijiuliza hivyo. Nikaenda kutafuta yaliyotokea kweli. Tume ya Jaji Waki iliandika mwaka 2008 kwamba watu 1,133 waliuawa katika machafuko yale ya baada ya uchaguzi nchini Kenya. Niliposoma namba hiyo sikuona uso. Kisha nikasoma juu ya manusura wanane wa ukatili wa kingono, wanawake sita na wanaume wawili, walioishtaki serikali mwaka 2013. Desemba 2020 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba serikali ilivunja haki za wanne kati yao, na ikaagiza kila mmoja alipwe shilingi milioni nne. Nilipoisoma hukumu hiyo nilimwona Kaizari, baba yake Mwanaheri, asiyeweza kuwaokoa binti zake. Kama singelisoma riwaya, ingekuwa habari ya mahakama. Januari 2024, maelfu walipoandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, nilikwenda. Sisemi kitabu ndicho kilichonipeleka. Nasema nilipofika nilijua maneno ya kusema.

MLEZI: Wewe ulikuwa tayari, mwanangu. Wangu bado.

MSOMAJI: Basi mwache aseme mwenyewe kwamba bado. Mimi ningependa kuulizwa. Hakuna aliyeniuliza.

MLEZI: Nitamuuliza. Akisema bado, shule itanielewa?

MWALIMU: Yangu itakuelewa. Nitampa kazi nyingine kutoka kitabu kile kile, juu ya sura anayoiweza, na sura ile nyingine atakisikia kiini chake kutoka kwangu, kwa upole, ili mtihani usimkute hana la kuandika. Ni kazi ya ziada, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Wanne hao wameishia hapo, na sasa ni zamu yangu.

Mimi nasema zisomwe. Marufuku ya Rosa Mistika haikumwokoa msichana hata mmoja na mkono wa baba yake. Riwaya ya mateso iliyoandikwa kwa uangalifu inampa aliyeumizwa kitu ambacho takwimu na hotuba haziwezi kumpa: historia yake nzima, jina lake, akili yake, na watu wanaomsikia hadi mwisho. Inampa pia asiyeumizwa nafasi ya kukaa na mwenzake bila kumkatiza. Jamii yetu, ambayo kwa muda mrefu imeyamaliza mambo haya kwa vikao vya wazee na mbuzi wa faini, inahitaji mazoezi hayo ya kusikiliza.

Lakini hoja ya Mlezi imenifunga mikono, na nisingependa ifunguliwe haraka. Faida ya darasa haina ruhusa ya kuchukuliwa kutoka kwa mtoto mmoja bila ridhaa yake. Nataka mambo matatu yafuatane na kila kitabu cha lazima cha aina hii. Kwanza, watunga mitihani waache kudai orodha za ukatili. Waulize mhusika alihitaji nini, nani alikuwa na uwezo wa kumpa, na kwa nini hakumpa. Maswali hayo yanasahihishika na yanatoshea alama ishirini. Pili, kila mwalimu wa fasihi apate mafunzo ya kulipokea neno la mtoto aliyedhulumiwa kabla ya kukabidhiwa kitabu kitakachomfanya mtoto huyo aseme. Tatu, waandishi wetu waingie katika nyumba ya Mlezi. Tuna shelfu nzima ya namna watoto wanavyovunjwa. Riwaya ya miaka mingi ya kumlea mtoto aliyevunjwa, pamoja na cheti kisichopatikana na shemeji anayeuliza urithi, bado hatujaitosheleza, na taifa linalowaomba raia wake wawapokee watoto wasio wao linaihitaji riwaya hiyo.

Na mtoto aliyeyaona akisema hayuko tayari, akifunge kitabu. Haki ya kukifunga ni sehemu ya elimu yake, kwa sababu huenda ni mara ya kwanza katika maisha yake kusema "hapana" na mtu mzima akamsikia.